Aspirini ya jirani huenda isikufae

Ukijikata kidole ukimenya viazi, damu hutoka, kisha baada ya dakika chache hukoma yenyewe. Wanaoianza kazi hiyo ni chembe ndogo mno ziitwazo pleteleti. Katika milimita moja ya ujazo wa damu huwamo kati ya 150,000 na 450,000. Kwa kawaida huelea kimya, bapa kama visahani. Mshipa ukichanika, hugusa nyuzi za kolajeni zilizofichika ukutani mwake, na hapo huamka: hubadilika umbo, hushikana na kumwaga kemikali za kuziita nyingine. Moja ya kemikali hizo ni tromboksani.

Balaa ni kwamba huamka vivyo hivyo pale mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa wa moyo yanapopasuka. Bonge la damu likiziba hapo, mtu hupatwa na mshtuko wa moyo.

Pleteleti hupokea ishara nyingi kwa pamoja, na kuujaribu kila mchanganyiko maabarani ni kazi isiyokwisha. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walizijaribu ishara sita, mbili mbili, wakipima kalsiamu inavyopanda ndani ya chembe. Matokeo waliyatumia kuifunza kompyuta, nayo ikabashiri vyema hali itakavyokuwa ishara zikizidi mbili. Mwaka wa 2012 walichunguza damu ya watu watatu, kila mmoja na hesabu yake. Mmoja aligunduliwa kuwa na kasoro ya kurithi katika kipokezi cha tromboksani. Sasa, aspirini hufanya kazi kwa kuzuia tromboksani isitengenezwe. Chembe isiyoisikia tromboksani itapata nini kwa dawa hiyo?

Uchunguzi wa aina hii bado si wa kawaida katika kliniki zetu. Lakini wewe unayemeza aspirini kila siku kwa sababu jirani anaimeza, fahamu kwamba inaweza kukutoboa vidonda vya tumbo vikavuja damu. Muone daktari kwanza. Aliyeandikiwa baada ya mshtuko wa moyo naye asiiache kwa hiari yake.

Tena, pleteleti haina kiini, kwa hivyo haiwezi kurekebisha kilichoharibiwa na aspirini hadi ife, baada ya siku 7 hadi 10. Ukienda kung'olewa jino, mwambie daktari wa meno hata kuhusu kile kidonge ulichomeza juzi kwa maumivu ya kichwa.