Mtunzi wa Nyimbo Ataka Nini?

Siku hizi watungao nyimbo wengi huandika noti zao kwa programu ya kompyuta. Je, wataka nini kwayo? Yako mambo matatu.

Kwanza, wepesi. Noti moja ikikosewa, isahihishwe pasipo kuandika ukurasa wote upya. Na wimbo ukiwa juu mno kwa waimbaji, ushushwe wote mara moja.

Pili, kila mtu apate sehemu yake. Mpiga tarumbeta hana haja ya karatasi ya kundi zima. Programu humtolea yake peke yake.

Tatu, nalo ni kubwa kuliko hayo, kazi idumu. Programu iitwayo Finale ilianza mwaka 1988, na watu wengi waliweka humo kazi ya maisha yao. Tarehe 26 Agosti 2024 wenyewe, MakeMusic, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Ndipo wengi walipotambua ya kuwa nyimbo zao zimo katika sanduku ambalo ufunguo wake u mkononi mwa mwingine.

Lakini dawa iko. Tangu mwaka 2004 kuna namna ya kuhifadhi noti iitwayo MusicXML. Programu nyingi huisoma, hata MuseScore itolewayo bure. Noti na maneno huvuka; mpangilio wa ukurasa pengine hutaka kutengenezwa tena.

Basi, kila umalizapo wimbo, uhifadhi kwa namna hiyo pia, na nakala moja uichape katika karatasi. Karatasi haihitaji programu ili isomwe.