Kumkanda Farasi: Maswali na Majibu

Mwalimu, kumkanda farasi kunatibu nini hasa?

Kunalegeza misuli iliyokaza, kunamtuliza mnyama, na kunampa mkandaji nafasi ya kugundua mapema uvimbe, joto au maumivu. Hakuungi mfupa wala hakuponyi jipu la kwato. Ukitaka kujua kwa nini misuli ina uzito mkubwa hivyo, tazama umbile lake: farasi hana mtulinga. Miguu ya mbele haikuungwa na kiwiliwili kwa kiungo chochote cha mfupa. Kifua kimeshikiliwa katikati yake kwa misuli na kano tu, na miguu hiyo ndiyo inayobeba takriban asilimia 60 ya uzito wa mwili. Weka mpandaji juu yake, uone kazi inayofanywa na mabega.

Mimi ni saisi, sijasoma udaktari. Nianzie wapi?

Saisi ana bahati, kwa kuwa farasi amekwisha kumzoea. Anza pale ambapo farasi wenyewe hukwaruzana kwa meno: mwisho wa shingo, inapokutana na mgongo. Mwaka 1993 watafiti Claudia Feh na Joanne de Mazières walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Waligundua kwamba farasi akikwaruzwa mahali hapo mapigo ya moyo wake hupungua, lakini akikwaruzwa sehemu nyingine ambayo farasi hawana mazoea ya kukwaruzana, hayapungui. Basi jifunze kwanza kumtuliza hapo, huku ukisoma mifupa na misuli kwa vitabu na kwa vidole. Usikimbilie mbinu. Mtu asiyejua bega linaishia wapi na mbavu zinaanzia wapi anapapasa tu.

Nitumie nguvu kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Farasi huhisi nzi mmoja akitua juu yake, na ngozi yake ikacheza. Bonyeza kama unavyopima embe kujua limeiva, kisha ngoja. Misuli ikikusukuma, punguza, usishindane nayo.

Nitajuaje kama anapata nafuu au anaumia?

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa kwa sababu wanatazama mikono yao. Mtazame usoni. Laza kiganja shingoni, chini kidogo ya singa, ukishushe polepole kuelekea bega. Kuna mahali ataacha kupepesa macho, au sikio moja litageukia kwako. Simama hapo hapo, usiongeze nguvu. Mara nyingi baada ya kitambo mdomo wa chini hulegea, hutafuna ilhali hana kitu kinywani, hushusha kichwa, pengine hupiga miayo. Hapo misuli imeanza kuachia. Lakini masikio yakilala nyuma, pua zikibana, ngozi ya juu ya jicho ikakunjamana, mkia ukapigwa kwa hasira, ondoa mkono. Farasi anayeuma mtu mara nyingi alikwisha kuonya mapema, ila hakuna aliyemsikiliza.

Ni wakati gani nisimguse kabisa?

Joto la mwili likipita nyuzi 38.5, akiwa ametulia na hajatoka kazini. Mguu ukiwa umevimba na una moto. Akijitazama ubavuni, akipiga tumbo kwa mguu au kugaagaa, maana hilo huenda ni msokoto wa tumbo, nao huua. Na baada ya kazi nzito, misuli ya mgongo na mapaja ikiwa migumu, anatoka jasho jingi na mkojo una rangi ya kahawa, usimkande wala usimtembeze. Mwite daktari wa mifugo mara moja.

Nitafute chuo cha namna gani?

Fani hii ina njia nyingi. Mmarekani Jack Meagher alichukua ukandaji wa wanariadha akaupeleka kwa farasi. Linda Tellington-Jones alisoma kwa Moshe Feldenkrais katika miaka ya 1970, akabuni miguso ya duara, mviringo mmoja na robo. Uliza mambo matatu: je, kuna daktari wa mifugo anayefundisha? Anatomia inafundishwa kwa kina? Mtakuwa na farasi hai mara ngapi? Kozi ya wikendi moja inakufundisha kumhudumia farasi wako, haikupi haki ya kutoza ada kwa farasi wa wengine. Uingereza, amri ya mwaka 2015 inamruhusu asiye daktari kufanya tiba ya viungo kwa mnyama pale tu ambapo daktari wa mifugo amemchunguza na kuagiza. Ukienda kufanya kazi Oman au kwingineko katika Ghuba, uliza sheria ya huko kabla ya kujitangaza.

Ninamkanda, lakini kila wiki anakaza palepale. Kwa nini?

Kwa sababu kinachomkaza hakijaondolewa. Kagua tandiko, kwato na meno. Tandiko linalobana nyuma ya bega litarudisha mkazo wote kufikia kesho jioni. Wenye punda Lamu wanaobebesha mchanga na mawe, nanyi vilevile: kabla ya kutafuta mkandaji, geuzeni shogi mtazame linapogusa ngozi. Penye manyoya yaliyonyonyoka au kidonda, mnyama apumzike mpaka papone, na shogi litengenezwe.