Komisioneri wa mkopo analipwa na nani?

*Ninauza vitenge Birere. Tangu benki za Goma zifungwe Januari 2025, komisioneri ananitafutia mkopo wa dola 500. Eti mimi silipi kitu, mkopeshaji ndiye atamlipa. Ni sawa? Mama D.*

Mama D. ana haki ya kushtuka. Komisheni anayolipa mkopeshaji mara nyingi hufichwa ndani ya riba, na anayelipwa kwa ukubwa wa deni hatamshauri mtu akope kidogo. Uholanzi iliipiga marufuku kwenye mikopo ya nyumba mwaka 2013. Huko mteja humlipa mshauri wa mkopo yeye mwenyewe. (Asiye na cha kulipa, bila shaka, hukosa mshauri.)

Aulize: atapokea ngapi mkononi, atarudisha ngapi, komisioneri anachukua ngapi? Yaandikwe. AVEC ya mtaani (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) huenda ikawa nafuu.

Mkopeshaji akidai karatasi za parsele kama dhamana, Mama D. amwone mwanasheria kabla ya kusaini.