Nyumba Iliyowekwa Rehani

Kukopa si aibu. Mtu wa mshahara, asiyeweza kununua nyumba kwa fedha taslimu, aweza kupata makao kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Lakini mkopo huo una dhamana nzito: nyumba yenyewe yawekwa rehani, na mdeni akishindwa kulipa, mdai ana haki ya kuinadi. Yatupasa basi kuyaangalia yaliyowapata watu wa Marekani tangu mwaka 2007.

Kabla ya hapo bei za nyumba huko zilipanda mwaka hata mwaka, na wengi wakaamini kuwa hazitashuka. Hata wenye kipato kidogo wakakopeshwa. Kwa nini? Kwa sababu wakopeshaji wengi hawakukaa na mikopo ile. Waliiuza kwa wengine, wakachukua faida yao mapema. Aliyekwisha kuuza deni hakuwa na haja kubwa ya kujua kama mdeni ataweza kulipa.

Tena mikopo mingi ya namna hiyo ilikuwa na riba nafuu kwa miaka miwili tu, kisha ikapanda. Tufanye hesabu. Mtu amekopa dola 200,000 kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6. Kila mwezi atalipa dola 1,200 hivi. Baada ya miaka miwili riba ikifika asilimia 9, atatakiwa kulipa dola 1,590 hivi. Mshahara ni ule ule, watoto ni wale wale, bali dola 390 zaidi zatakiwa kila mwezi.

Bei ziliposhuka baada ya 2006, wengi walijikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba zao, hata kuuza kusiwaokoe. Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika. Kazi zikaadimika, Oktoba 2009 wasio na kazi walifikia asilimia 10. Jamaa kwa mamilioni wakapoteza nyumba zao.

Twajifunza nini?

Kwanza, kabla ya kutia sahihi, tusiulize malipo ya mwezi wa kwanza tu. Tuulize: riba ikipanda, tutalipa kiasi gani? Kazi ikisimama miezi mitatu, tutalipa kwa nini? Asiyetupa jibu kwa tarakimu, tusitie sahihi kwake.

Pili, mume na mke washauriane. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka ridhaa ya mwenzi aishiye humo kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ngao hiyo ni njema, lakini haimfai sana atiaye sahihi asilolielewa.

Tatu, mambo yakiwa magumu, tumwendee mdai kabla hatujakosa malipo, wala tusingoje barua ya mnada. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kupunguza malipo ya wadeni yafikie asilimia 31 ya kipato chao. Masharti basi huweza kubadilishwa, na mara nyingi mdai huona heri kulipwa polepole kuliko kubaki na nyumba isiyo na mnunuzi. Ila tusikope kwa riba kubwa zaidi ili kulipa deni la kwanza. Huko ni kuzima moto kwa mafuta.

Wazee walisema, dawa ya deni kulipa. Nasi twasema: dawa hiyo ipimwe nyumbani, kwa hesabu ya wote wawili, kabla kalamu haijagusa karatasi.