Utata wa Kitenzi "Kufunga" katika Kazi ya Sola: Mfano wa Bamburi

Fundi wa Bamburi anapoambiwa "funga waya", ameagizwa nini hasa? Kitenzi hiki kina maana pana: hufungwa mlango, hufungwa mzigo, hufungwa mtambo, hata saumu hufungwa. Katika kazi ya sola maana mbili hugongana: kuunganisha waya upitishe umeme, na kuukaza usining'inie. Taa ikishawaka, maana ya kwanza imetimia. Ya pili husahaulika kwa urahisi. Utata huu, basi, si wa kamusini tu.

Paneli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu maadamu jua linaiangaza, hata swichi ya nyumbani ikizimwa. Waya uliolegea hutikiswa na upepo, ukasugua ukingo wa bati hadi ganda lake likachubuka. Cheche za mkondo mnyoofu ni sugu kuliko za mkondo geu, kwa kuwa mkondo geu hushuka hadi sufuri mara nyingi kwa sekunde, ilhali huu haushuki. Moto huweza kuzukia hapo. Bamburi, kwa kuwa kando ya bahari, ina maadui wawili zaidi: chumvi ya hewani hula chuma cha kawaida, na jua hukausha vifungo vyeupe vya plastiki vikakatika. Vyeusi vilivyoundwa kustahimili jua hudumu zaidi, na chuma kisichoshika kutu huvishinda. Aidha, waya huachiwa tumbo dogo karibu na kiungio ili maji ya mvua yadondokee hapo, yasiingie ndani.

Tangu 2012 Kenya imewataka mafundi wa sola wawe na leseni. Lakini agizo la juu ya paa hutolewa kwa Kiswahili. Wapo watakaopendekeza "kushikiza". Neno hili halifai, kwani huashiria jambo la muda, kama fundi cherehani ashikizavyo kitambaa kabla ya kushona. "Kubana" kunafaa zaidi, nacho kifaa chake, "kibanio", kimeshazoeleka kwenye kamba ya nguo. (Neno "waya" lenyewe ni la mkopo, lakini wingi wake, "nyaya", umefuata mkondo wa "wayo" na "nyayo", lugha haikungoja kamati.)

Agizo lingeweza basi kugawanywa: nyaya zitandazwe, ziungwe, zibanwe. Makuti nayo hayahesabiwi kuwa yameezekwa kabla hayajafungwa kwenye fito.