Panki, Jezi ya Uingereza na Jirani Yako wa Jukwaani



Somo la leo litawashtua baadhi yenu, maana linahusu muziki wa panki na timu ya taifa ya Uingereza. Subirini kwanza. Wengi wetu neno panki tunalijua kwa kinyozi: pembeni kunanyolewa, katikati kunaachwa mstari wa nywele. Lakini jina hilo lilitoka kwa vijana wa Uingereza waliovuma kuanzia mwaka 1976 kwa magitaa ya fujo na nyimbo fupi za hasira, wakati kazi zilikuwa adimu. Kwa bendi kama Sex Pistols na The Clash hukuhitaji kusomea muziki. Una gitaa na una la kusema? Panda jukwaani.

Swali linalopenda kujitokeza kwenye vikundi vyetu ni hili: je, kijana Mkristo anaweza kushabikia muziki wa namna hiyo? Na hiyo mipira ya Ulaya inayotukesha? Kwa maoni yangu kelele si dhambi, na kulia timu yako ikifungwa si dhambi vilevile. Mimi ningeuliza jambo lingine. Uko katikati ya kundi lako, mnaimba, halafu jirani yako aliyevaa jezi kama yako anamtukana mtu kwa rangi ya ngozi yake. Wewe unafanyaje?

Vijana wa Uingereza walikutana na swali hilo pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi shabiki wa panki na shabiki wa mpira alikuwa mtu yuleyule. Bendi ya Sham 69 ilitunga viitikio vya kuimbwa kama uwanjani. Cockney Rejects, mwaka 1980, walirekodi kabisa wimbo wa mashabiki wa West Ham. Sasa, chama cha kibaguzi kilichoitwa National Front kiliona hilo mapema. Gazeti lake la vijana, Bulldog, liliuzwa nje ya viwanja vya mpira, na wafuasi wake wakawa wanakuja kwenye maonyesho ya Sham 69 kufanya fujo. Walifuata vijana wengi, wenye hasira, wanaoimba kwa sauti moja. Mahali kama hapo shetani naye huwa hakosi kupitia.

Tarehe 30 Aprili 1978, vuguvugu la Rock Against Racism, yaani muziki wa kupinga ubaguzi, liliandaa maandamano kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, London. Walikuja makumi ya maelfu ya watu. The Clash walipiga, na Steel Pulse, bendi ya rege ya vijana weusi wa Birmingham. Aliimba pia Poly Styrene wa X-Ray Spex, ambaye baba yake alikuwa Msomali (ndiyo, damu ya upande wetu huu ilikuwepo!). Halafu Jimmy Pursey, mwimbaji wa Sham 69, akapanda kuimba pamoja na The Clash. Hapo mimi husimama kidogo. Steel Pulse hawakuwa na shabiki mbaguzi wa kumkasirisha. Pursey alikuwa nao, tena wengi, na alijua watamwona. Fujo kwenye maonyesho yake ziliendelea hata baada ya siku ile.

Mwaka huohuo, 29 Novemba, Viv Anderson akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya wanaume ya Uingereza, dhidi ya Czechoslovakia pale Wembley. Ilishinda 1-0. Miaka sita baadaye, Juni 1984, John Barnes, mzaliwa wa Jamaika, aliwapita mabeki wa Brazil mmoja baada ya mwingine ndani ya Maracanã, akafunga. Uingereza ikashinda 2-0. Lakini kwenye ndege ya safari ileile walikuwemo wafuasi wa National Front, wakidai kwamba matokeo ni 1-0, eti bao la mtu mweusi halihesabiki. Hebu fikiria, jamani. Umeifuata timu yako hadi Amerika Kusini, imemfunga Brazil kwake, halafu wewe mwenyewe unaipunguzia bao!

Na watu wa aina hiyo hupenda kujifunika bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu. Sisi Wakatoliki mwenye msalaba huo tunamfahamu, ni Mtakatifu George, tunayemkumbuka 23 Aprili. Hakuwa Mwingereza. Mapokeo yanamtaja kuwa askari mwenye asili ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo, aliyeuawa kwa ajili ya imani huko Lida, Palestina. Anayemzomea mgeni chini ya bendera ile amejifunika jina la mgeni.

Msidhani hayo yameisha. Juni 2021, pale Middlesbrough, wachezaji wa Uingereza walipiga goti kupinga ubaguzi wakazomewa na baadhi ya mashabiki wao wenyewe. Wengine wakapiga makofi ili kuizima ile zomeazomea. Tarehe 11 Julai ikaja fainali ya Ulaya, Wembley. Sare 1-1, Italia ikashinda kwa penalti 3-2. Rashford, Sancho na Saka walikosa. Saka alikuwa na miaka 19 tu. Usiku uleule matusi ya kibaguzi yakawamiminikia mitandaoni.

Kwenye Misa, tunapoungama kwa pamoja, tunataja pia kutotimiza wajibu. Hapo ndipo wengi wetu tunanaswa. Nenda kibanda umiza chochote hapa kwetu: mchezaji akikosa bao utasikia anatukanwa sura, nchi, hata kabila. Sisi hatukutukana. Tulicheka kidogo tu, tukaendelea kuangalia mpira.

Huko Withington, Manchester, picha ya Rashford iliyochorwa ukutani ilichafuliwa baada ya fainali ile. Watu wa mtaani, watoto wakiwemo, wakaja na karatasi za mioyo, barua na bendera, wakabandika mpaka uchafu wote ukafunikwa. Na Saka? Tarehe 6 Julai 2024, mjini Düsseldorf, robo fainali dhidi ya Uswisi ilifika kwenye penalti. Akaenda tena kupiga, akafunga.