Michezo ya Video Yenye Ukatili na Tabia ya Mtoto

Jijini Mwanza, katika mitaa kama Kirumba, watoto hulipia vibanda vya gemu ili kucheza michezo ya kupigana na kufyatua risasi. Mtoto arudipo nyumbani na kumsukuma mdogo wake, wapo wazazi wanaoulaumu mchezo, kisha wakashika fimbo.

Lawama hiyo ina ukweli kiasi. Mwaka 2020, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kuwa michezo hiyo ina uhusiano mdogo na ukali, kama vile kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuihusisha na vitendo vya ukatili mkubwa. Ukatili una vyanzo vingi, na kimojawapo kiko karibu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 nchini Tanzania ulionesha kuwa takribani robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya gemu hufundishwa kwa vitendo jambo lile lile analokatazwa.

Inafaa mzazi aujue mchezo wenyewe, apange muda wa kucheza na azungumze na mtoto juu ya anachokiona. Mtoto akishindwa kujizuia, akiutanguliza mchezo kuliko masomo na usingizi, na akiendelea licha ya madhara, hasa kwa miezi 12, huenda ana uraibu unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Huyo apelekwe kituo cha afya. Fimbo haitibu uraibu.